Nani Anapika Huko Kisiwani?

Kitabu kilifika nyumbani kwetu kikitokea chini ya kiti cha gari. Mjomba alikuwa fundi wa magari hapa Buyenzi, na gari lile liliachwa gereji na mgeni aliyeondoka Bujumbura kwa haraka, kama walivyoondoka wengi miaka ile. Jalada halikuwepo tena. Vijana waliokuwa wakijifunza kazi kwa Mjomba walikuwa wamekifanya tambara: kila walipochomoa kijiti cha kupimia oili walichana ukurasa mmoja wa nyuma, wakapangusa, wakatupa. Nilipokiona, mwisho wa hadithi ulikuwa umekwisha kwenda na oili chafu.

Sikukiomba kwa ajili ya maandishi. Nilikuwa na miaka 11, na Kifaransa changu kilikuwa cha kuungaunga. Nilikiomba kwa ajili ya picha. Katika picha ya mbele kabisa puto kubwa lilikuwa likianguka baharini katikati ya tufani, na watu wameng'ang'ania kamba zake kama ndagala walionasa wavuni.

"Mjomba, naomba hiki."

"Kichukue kabla hawa hawajakimaliza," alisema. "Lakini usikiweke tu. Utanisimulia."

Ulikuwa mwaka 1996, na aliyekuwa Bujumbura mwaka ule hahitaji kukumbushwa. Tarehe 25 Julai jeshi lilimrudisha Meja Pierre Buyoya madarakani, na tarehe 31 mwezi huohuo viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha wakakubaliana kuiwekea Burundi vikwazo vya biashara. Sisi tuliviita ambargo. Mizigo ya kutoka Kigoma ikasita. Esansi ikauzwa kwa chupa kando ya barabara, na mwuzaji akataja bei kwa sauti ya chini kana kwamba anatoa siri ya ukoo. Kabla ya hapo, Machi 1995, risasi zilikuwa zimefika Bwiza na Buyenzi, na majirani zetu wengi walivuka mpaka kwenda Uvira. Waliobaki walijifunza kupishana bila kusalimiana. Mbele yetu ziwa, nyuma yetu milima yenye vita: mji uligeuka kisiwa pasipo kuhama mahali pake.

Jioni zilikuwa ndefu kwa kuwa watu waliingia ndani mapema. Bibi aliwasha kibatari, akakaa kwenye mkeka akichambua mchele, nami nikalala kifudifudi kando yake na kitabu changu kisicho na jina. Chini ya kila picha kulikuwa na sentensi fupi iliyochukuliwa kutoka ndani ya hadithi yenyewe. Nilipogundua hilo nilipata ufunguo. Niliitafuta sentensi ile katika kurasa za jirani, neno kwa neno, mpaka niipate, na nikiipata nilijua nimesimama wapi. Kutoka hapo nilisoma kidogo kwenda nyuma na kidogo kwenda mbele. Hivyo ndivyo nilivyokisoma, kama mtu anayevuka mto Ntahangwa kwa kurukia mawe, na kila picha ilikuwa jiwe. Kufikia mwisho wa mwaka ule nilikuwa nikisoma Kifaransa bila kunyooshea maneno kidole. Walimu walidhani kuna mtu ananifundisha nyumbani.

Jina la kitabu nilikuja kulijua miaka saba baadaye, lakini msomaji asisubiri kama nilivyosubiri mimi. Ni L'Île mystérieuse, yaani Kisiwa chenye Siri, cha Jules Verne, Mfaransa aliyezaliwa Nantes mwaka 1828. Kilitoka vipande vipande mwaka 1874 na 1875 katika jarida la vijana la mchapishaji Hetzel wa Paris. Picha zake, ambazo ni zaidi ya 150, zilichorwa na Jules Férat na kuchongwa na Charles Barbant. Nasema kuchongwa kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Katika ufundi ule mchoro ulihamishiwa juu ya kipande cha mti mgumu, kisha mchongaji akachimba na kuondoa kila mahali palipotakiwa kubaki peupe. Mistari iliyobaki imesimama ndiyo iliyopakwa wino. Mwanga wote unaouona katika picha zile, uwe mwezi juu ya maji au moto ndani ya pango, umepatikana kwa kuondoa.

Hadithi inaanza Machi 1865, Marekani ikiwa bado katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Watu watano na mbwa wanatoroka kwa puto kutoka Richmond, tufani inawabeba hadi bahari ya Pasifiki, na wanatupwa kwenye kisiwa kisicho na mtu. Wapo Cyrus Smith, mhandisi, Gédéon Spilett, mwandishi wa habari, Pencroff, baharia, Harbert, kijana mdogo, na Nab, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani, ambaye Smith alikuwa amemwachia huru zamani. Walikuwa wamevitupa baharini vitu vyote ili puto lipungue uzito. Kwa hiyo jambo la kwanza wanalofanya nchi kavu ni kujipekua.

Hapo ndipo kitabu kiliponishika na hakikuniachia. Robinson Crusoe wa Daniel Defoe, aliyewatangulia tangu mwaka 1719, alikuwa na meli iliyokwama karibu na ufuko, akaogelea kuifikia na kurudi kwa chelezo akibeba bunduki, baruti, misumeno na biskuti. Watu wa Verne hawana meli. Wana njiti moja ya kibiriti. Wana saa mbili. Mbwa ana ukosi wa chuma cha pua shingoni. Na ndani ya bitana ya koti la Harbert, siku moja ya mvua, inapatikana punje moja ya ngano. Basi vioo vya saa mbili vinaunganishwa, vinajazwa maji, kingo zinazibwa kwa udongo, na jua likipita humo linawasha moto. Ukosi wa mbwa unavunjwa vipande viwili, unanolewa juu ya jiwe, vinapatikana visu viwili. Na ile punje inapigiwa hesabu: ikitoa masuke 10, kila suke punje 80, mavuno ya kwanza ni punje 800, na ya pili 640,000.

Nilimsimulia Mjomba hesabu ile akiwa chini ya lori. Alitoka, akakaa juu ya tairi, akaniambia nirudie. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa akiishi ndani ya kitabu kile pasipo kukisoma. Vipuri havikuingia. Mafundi wa Buyenzi walikata mpira wa matairi mabovu wakatengeneza bushi, wakayeyusha betri zilizokufa wakapata risasi ya kulehemu, wakabadilishana skrubu kama watu wanaobadilishana dhahabu. Jioni Mjomba alimwaga kopo la skrubu kwenye gunia akazipanga kwa ukubwa, na sasa akaanza kuniita nikae naye. "Hesabu," alisema. "Usiangalie kilichokosekana. Hesabu kilichopo."

Nimekutana na watu wengi wanaosema kwamba hadithi za kutupwa kisiwani hupendwa kwa sababu ya upweke na uhuru. Labda kwa mtu aliyechoshwa na wingi wa vitu ndivyo ilivyo. Sisi hatukuwa na hamu ya upweke. Tulichopenda ni ile hesabu. Mwandishi wa namna hii hamruhusu mtu wake kula kabla hajamwonyesha msomaji chakula kimetoka wapi, wala kujifunika kabla hajasema ngozi ilichunwaje. Kila kitu kina asili yake na kila kitu kina kazi nyuma yake. Mtoto anayelelewa katika uhaba anakijua kitabu cha aina hiyo mara moja, kwa sababu kinasema kweli kuhusu jambo ambalo vitabu vingi vinaliruka. Na picha zilikuwa zikiniambia jambo hilohilo kwa njia yake. Nyuso za Férat ni ndogo, mara nyingi zimeinama. Mikono ndiyo inayoonekana: inachimba, inafinyanga, inavuta kamba. Wanapofyatua matofali, Verne anasema kwamba siku mbili za kazi ya watu watano hazikutoa zaidi ya matofali 3,000. Kando ya Ntahangwa nilikuwa nikiwaona wafyatuaji wetu kila siku, nami nikaanza kuwatazama kwa heshima ambayo sikuwa nayo kabla.

Lakini msomaji mkali kuliko wote nyumbani kwetu hakujua Kifaransa hata neno. Bibi alisoma Kurani, na picha. Aliacha mchele, akasogeza kibatari, akaweka kidole juu ya mtu mmoja.

"Huyu nani?"

"Anaitwa Nab."

"Anafanya nini?"

"Anapika, Bibi."

Siku nyingine, picha nyingine. "Na leo?"

"Anapika."

Bibi alinyamaza kidogo. "Wameanguka wote kutoka puto moja. Huko juu hakuna aliyekuwa na cheo, wote walikuwa wanakufa. Mbona yeye ameangukia jikoni?"

Sikuwa na jibu. Nilijaribu kumtetea Verne. Nilimweleza Bibi kwamba mhandisi alipinga utumwa, kwamba kisiwa walikiita Lincoln kwa heshima ya rais wa Marekani aliyewaachia watumwa huru, kwamba Nab alipenya mwenyewe hadi Richmond kumfuata Smith kwa mapenzi. Yote hayo yamo. Lakini ni kweli pia kwamba Nab anaendelea kumwita mtu yule bwana wake, na kwamba kila mmoja akipewa elimu na jina la ukoo, yeye anapewa sufuria. Bibi alikuwa ameona kwa jicho tupu kitu ambacho mimi, niliyekuwa nikisoma, sikukiona, kwa kuwa nilikuwa nimejipanga upande wa mhandisi tangu ukurasa wa kwanza. Kusoma hufanya hivyo. Hukupa kiti mezani, nawe unasahau kuuliza nani yuko jikoni.

Tangu siku ile natazama hivyo kila mahali. Kusini ya mji wetu, pale Mugere, kuna mwamba mkubwa wenye majina ya Livingstone na Stanley, waliopita huko Novemba 1871 walipokuja kwa mtumbwi kutoka Ujiji kutazama kaskazini mwa ziwa. Wanafunzi hupelekwa kuuona, nami nilipelekwa. Ni mwamba mzuri, na kutoka pale ziwa linaonekana vizuri. Lakini mtumbwi haujipigi makasia. Nilisimama pale nikasikia sauti ya Bibi ikiuliza nani aliyewafikisha, na nani aliyewapikia usiku ule. Majina yao hayapo juu ya jiwe. Robinson mwenyewe, tukimtazama vizuri, alivunjikiwa na meli safarini akielekea pwani ya Guinea kununua watu. Jambo hilo liko wazi katika kitabu cha Defoe, halifichwi, lakini ni wasomaji wangapi wanaolikumbuka wanapokumbuka mwavuli wake wa ngozi ya mbuzi na unyayo mchangani? Tunakumbuka kilichochorwa mara nyingi.

Bibi alikuwa na swali la pili. "Na mama yao yuko wapi?"

"Hawana mama, Bibi. Ni wanaume watupu."

Alitikisa kichwa. "Basi hiyo hadithi haijaisha kuandikwa."

Nilicheka. Sikujua kwamba alikuwa amesema kweli tupu. Miaka mingi baadaye, Bibi akiwa ameshatutoka, nilisoma kwamba kabla ya kitabu hiki Verne aliandika rasimu nyingine aliyoiita L'Oncle Robinson, Mjomba Robinson. Hetzel hakuipenda, akaikataa, na haikuchapishwa mpaka mwaka 1991. Katika rasimu ile waliotupwa ufukoni ni familia: yupo mama, Bi Clifton, na watoto wanne, mmoja wao msichana mdogo, pamoja na baharia mwema anayewasaidia. Verne alipoanza upya, mhandisi alibaki, baharia alibaki, kijana alibaki. Mama na msichana waliondolewa. Nikakumbuka ule mti wa mchongaji. Hapa pia kuna kitu kilichochimbwa na kutolewa ili picha itokee, na mwanamke wa Buyenzi aliyekuwa akichambua mchele aliona shimo lake.

Mwaka 1997 mdogo wangu aliugua malaria. Alianza kwa kutetemeka alasiri, na usiku wa pili akawa haongei maneno ya maana. Mjomba alizunguka famasi tatu akarudi mikono mitupu. Palipokuwa na kwinini bei yake ilikuwa si ya fundi. Nilikuwa nimefika sehemu ambayo Harbert, akiwa na jeraha la risasi, anashikwa na homa kali ya vipindi, na wenzake wanajua kwamba kipindi cha tatu kitamuua. Wanajaribu gome la mti. Kila maarifa ya mhandisi yamefika ukingoni. Asubuhi moja, juu ya meza, kinaonekana kijiboksi cha kwinini ambacho hakuna kati yao aliyekiweka. Nilikisoma kipande kile kando ya kitanda cha mdogo wangu, na kwa mara ya kwanza nilikichukia kitabu changu. Niliona ni rahisi mno, dawa kutokea mezani.

Usiku ule mlango ukagongwa. Alikuwa mama wa nyumba ya kona, ambaye tangu Machi 1995 hatukuwa tukisalimiana naye. Sitaeleza kwa nini. Kila mtu wa Bujumbura anaweza kujaza nafasi hiyo mwenyewe, na ataijaza kwa uchungu wake. Hakuingia. Alimpa Bibi vidonge vilivyofungwa ndani ya karatasi ya daftari, akasema, "Mpe huyo mtoto, ale kwanza," akaondoka. Hatukuwahi kujua alivipata wapi, wala nani alimwambia kwamba tuna mgonjwa. Mdogo wangu alipona. Bibi alitaka kwenda kushukuru, lakini njia ya kutoka mlangoni kwetu hadi kwenye kona, ambayo ni hatua 40, ilikuwa ndefu kuliko ziwa. Wiki ikapita, kisha mwezi, kisha ikawa aibu kwenda kwa kuchelewa.

Kitabu changu kilikatikia karibu na hapo. Watu wa kisiwani walikuwa wameshajua kwamba kuna mtu anayewasaidia gizani, lakini kurasa zenye jina lake vijana wa gereji walizipangusia oili. Kwa miaka yote iliyofuata nilijiuliza ni nani.

Mwaka 2003, nikiwa na miaka 18, niliingia maktaba ya Kituo cha Utamaduni cha Ufaransa mjini kutafuta kitabu cha mtihani. Kwenye rafu nilivuta kitabu kinene, kikafunguka, na lile puto likawa mbele yangu, likianguka kwenye bahari ileile. Picha ndiyo iliyonitambulisha, wala si jina lililokuwa juu yake. Sikukaa. Nilifungua sura za mwisho nikazisoma nimesimama.

Mtu aliyekuwa amejificha ni Kapteni Nemo, yuleyule wa nyambizi ya Nautilus katika kitabu kingine cha Verne, sasa mzee mwenye ndevu nyeupe, akiishi peke yake katika pango lenye maji chini ya kisiwa. Ndiye aliyeweka dawa mezani. Na hapo Verne anafunua asili yake: jina lake ni Mwanamfalme Dakkar, Mhindi wa Bundelkhand, aliyepigana katika maasi ya mwaka 1857 dhidi ya Waingereza, akapoteza nchi na familia yake. Watu watano walikuwa wakidhani wameijenga nchi mpya kwa akili zao. Kumbe mkono uliowaokoa mara zote ulikuwa wa mtu aliyenyang'anywa nchi. Wanamfikia akiwa katika saa zake za mwisho. Anawapa sanduku la vito, anawaomba wamzike ndani ya Nautilus, nao wanatimiza. Na kisiwa kinapolipuka kwa volkano na wao kubaki juu ya mwamba mmoja mtupu, meli inayowaokoa imekuja kwa sababu ya maandishi ambayo Nemo aliyaacha kwenye kisiwa kingine.

Nilirudi nyumbani mbio. Ilikuwa Novemba, mwezi wa Ramadhani, ambapo pia serikali na waasi wa CNDD-FDD walitia saini mkataba wa kusimamisha vita kule Dar es Salaam. Bibi alikuwa akipika futari. Nilimsimulia yote nikiwa nimechuchumaa karibu na jiko: pango, mzee, India, sanduku. Alisikiliza akigeuza sambusa.

"Kwa hiyo alikuwepo muda wote," alisema.

"Muda wote, Bibi."

"Na wao walimshukuru?"

"Walimshukuru. Lakini alikuwa anakata roho."

Bibi aliipua sufuria. Alichukua sahani ya bati yenye maua, ile ya wageni, akapanga sambusa, akaweka mihogo ya nazi pembeni, akaifunika kwa kitambaa safi. Alinikabidhi.

"Peleka kwa mama wa kona. Mwambie ni ya miaka sita. Mwambie nimechelewa."

Nilivuka zile hatua 40 nikishika sahani kwa mikono miwili. Mama wa kona alifungua, akafunua kitambaa, akatazama kwa muda mrefu. Nilimwambia kama nilivyoagizwa. Hakuuliza miaka sita ya nini. Aliniuliza, "Yule mtoto siku hizi ana urefu gani?" Nikaonyesha kwa mkono, juu ya bega langu.

Leo kitabu kile kisicho na jalada ninacho bado, na watoto wa mtaani huja kukitazama. Huwa nawaacha waanze na picha. Huwaambia wahesabu vilivyopo, kama alivyonifundisha Mjomba, kisha wanitajie nani anafanya kazi, na nani angepaswa kuwepo lakini hakuchorwa. Wanajua kuhesabu haraka kuliko nilivyojua mimi.

Na sahani ile ya maua ilirudi kesho yake kabla ya magharibi. Ilikuwa na maharage yaliyoungwa kwa mawese, bado ya moto.